Dawa haijui unaumwa wapi: kinachotokea tangu umeze kidonge mpaka kitoke mwilini

Mfamasia_Zamu (mleta uzi)

Habari wakuu,

Kazi yangu ni kutoa dawa. Kutwa nzima nasema maneno yaleyale: moja kutwa mara tatu, meza kabla ya kula, usiache katikati. Na kutwa nzima naona watu wanaitikia kwa kichwa, kisha siku mbili baadaye wanarudi wakiwa wameruka dozi, wameongeza dozi, au wamemgawia ndugu yao nusu. Siwalaumu. Mtu akipewa amri bila sababu, ataifuata siku anayojisikia vibaya na kuiacha siku anayopata nafuu. Ndiyo maana nimeleta uzi huu, nieleze sababu zenyewe. Ni mrefu, vumilieni.

Naanza na hili kwa sababu mengi yanatokana nalo: dawa haijui unaumwa wapi.

Ukimeza ibuprofeni kwa ajili ya jino, haiendi kwenye jino. Inayeyuka, inapenya ukuta wa utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, na damu inaisambaza kila inakofika yenyewe: kwenye jino, magotini, kwenye figo, kwenye ukuta wa tumbo. Inafanya kazi popote inapokuta kitu cha kushika.

Kitu hicho mara nyingi ni protini. Zipo protini zinazopokea ujumbe juu ya seli (vipokezi), zipo zinazotengeneza au kuvunja kemikali (vimeng'enya), zipo zilizo milango na pampu za kupitisha chumvi. Mwaka 1905 Mwingereza John Newport Langley, akichunguza jinsi nikotini na kurare (sumu inayolegeza misuli) zinavyopingana kwenye misuli, alieleza kwamba lazima ndani ya seli kuna kitu kinachozipokea. Dawa ikiwa na umbo linaloendana na protini fulani, huishika. Hapo ama inaiamsha, ama inakaa kwenye nafasi yake na kuizuia isifanye kazi. Sehemu kubwa ya dawa tunazozijua zinafanya moja kati ya hayo mawili.

Turudi kwenye jino. Mahali palipoumia, seli hutumia kimeng'enya kiitwacho siklooksijenasi kutengeneza prostaglandini, na hizi ndizo zinazofanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zote zinakizuia kimeng'enya hicho. John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Sasa angalieni: prostaglandini hizohizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe, na ndizo zinazosaidia damu iendelee kufika vizuri kwenye figo. Mgonjwa wa miguu anayemeza diklofenaki miezi na miezi akaja kutapika damu, dawa haikukosea njia. Imefanya kazi ileile tumboni iliyokuwa inaifanya kwenye goti.

Ndiyo maana nasema maudhi mengi ya dawa ni kazi yake ileile, ila imefanyika mahali ambapo hukuitaka. Salbutamoli ya pumu hulegeza misuli ya njia za hewa kwa kuamsha vipokezi vilivyoko pale; vipokezi vya aina hiyo viko pia kwenye misuli ya mikono na kwenye moyo, ndiyo sababu mkono unatetemeka na moyo unadunda. Klorofenamini ya mafua na mzio huzuia kemikali ya mwili iitwayo histamini; inaingia hadi kwenye ubongo, na kule histamini ndiyo inayotuweka macho, kwa hiyo unasinzia. Kaptoprili ya presha huzuia kimeng'enya kinachobana mishipa, lakini kimeng'enya hicho pia huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Ikirundikana, baadhi ya watu wanapata kikohozi kikavu kisichokwisha na kumezeshwa antibiotiki za bure, kumbe ni kidonge cha presha.

Na ndiyo maana inhela ilibuniwa. Mpulizo mmoja wa salbutamoli una mikrogramu 100, kidonge kimoja kina miligramu 2 au 4. Kidonge cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40. Tofauti yote hiyo ni kwa sababu kidonge lazima kijaze mwili mzima ili kidogo kifike kwenye mapafu, wakati inhela inapeleka dawa palepale. Mtu mwenye pumu anayekataa inhela kwa kuamini kwamba "ni kali" na kuchagua vidonge, amechagua kubeba dawa nyingi zaidi.

Njia ya kuingilia

Kabla ya kufika kwenye damu ya mwili mzima, karibu kila kitu kilichofyonzwa kwenye utumbo kinapitishwa kwanza kwenye ini. Ini linaiona dawa kama kitu kigeni na linaanza kuivunja hapohapo. Kwa dawa nyingine sehemu kubwa huishia pale. Mofini (dawa ya maumivu makali) ya kumeza huhitaji takriban mara tatu ya ile ya sindano ili ilingane nayo. Nitrogliserini ya maumivu ya moyo ikimezwa, kinachobaki baada ya ini ni kidogo sana, hivyo huwekwa chini ya ulimi, ambako mishipa inaipeleka kwenye damu bila kupita kwenye ini, na inaanza kazi ndani ya dakika chache. Insulini haifiki hata kwenye ini: ni protini, na tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya protini yoyote ya chakula. Tangu mgonjwa wa kwanza alipochomwa huko Toronto mwaka 1922, njia yake kuu imebaki sindano.

Saa za dozi zinatoka wapi

Hapa naomba mkae na mimi, maana ndipo makosa mengi yanapotokea.

Kila dawa ina muda ambao kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu. Tuuite muda wa nusu. Kwa ibuprofeni ni kama saa 2. Kwa amoksilini ni kama saa 1 tu. Kwa amlodipini ya presha ni saa 30 hadi 50. Kwa azithromisini ni karibu saa 68, ndiyo maana watu wanaimeza mara moja kwa siku kwa siku 3 na bado inaendelea kufanya kazi siku kadhaa baadaye.

Chukueni amoksilini. Umemeza saa 12 asubuhi. Ikishafika kilele, kila saa inayopita inabaki nusu ya iliyokuwepo: nusu, robo, sehemu ya nane, sehemu ya kumi na sita. Kufikia mchana karibu imekwisha. Inafaa kutumiwa kila baada ya saa 8 kwa sababu kiwango cha mwanzo ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachohitajika kuwazuia bakteria, kwa hiyo inachukua saa kadhaa kushuka chini ya mstari huo. Dawa za jamii ya penisilini zinategemea sana muda zinaokaa juu ya mstari. Wingi peke yake hauzisaidii.

Sasa mtu amesahau ya mchana. Jioni anameza mbili kwa mpigo "kufidia". Amepata nini? Kiasi maradufu maana yake ni kwamba itachukua muda wa nusu mmoja zaidi kushuka mpaka pale pale. Saa 1. Saa zile za mchana ambazo bakteria walikuwa huru hazirudi, na ameongeza saa 1 tu mbele, pamoja na kuharisha. Hesabu hiyo peke yake ningependa ibandikwe kwenye kila dirisha la dawa.

Penisilini inavyokimbia mwilini ilishawatesa hata waliyoianzisha. Mwaka 1941 huko Oxford, polisi Albert Alexander aliyekuwa na maambukizi mabaya usoni alipewa penisilini na akaanza kupona. Dawa yenyewe ilikuwa adimu kiasi kwamba watafiti walikusanya mkojo wake, wakaichuja penisilini iliyotoka na kumchoma tena. Haikutosha. Iliisha kabla maambukizi hayajaisha, ugonjwa ukarudi na akafariki. Kila mtu anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa "nimepata nafuu" namfikiria huyu mtu, ambaye hakuwa na hiari ya kuacha.

Nitaendelea kwa maswali. Karibuni.

---

Kipanga

Mkuu umeshusha nondo za maana. Mimi nina swali ambalo limenisumbua muda mrefu. Kwa nini sindano ina nguvu kuliko kidonge? Mimi nikienda hospitali nisipochomwa naona sijatibiwa.

Mfamasia_Zamu

Mkuu Kipanga, sindano inawahi, lakini nguvu ni jambo jingine. Molekuli ikishakuwa kwenye damu haikumbuki iliingia kwa mlango gani.

La kujiuliza ni kiasi gani kinachopita kwenye utumbo. Metronidazoli inafyonzwa karibu yote. Levofloksasini hivyohivyo, flukonazoli zaidi ya asilimia 90. Kwa dawa hizo, mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika anapata karibu kilekile ambacho angepata kwa dripu, bila tundu kwenye mshipa ambalo linaweza kuingiza vijidudu. Kinyume chake, gentamisini na seftriaksoni hazipenyi utumbo kwa kiasi cha maana, kwa hiyo hazina kidonge cha kutibu maambukizi yaliyo ndani ya mwili. Sindano ni ya lazima pale mgonjwa amezimia, anatapika, au hali ni mbaya kiasi kwamba hatuwezi kusubiri nusu saa. Nje ya hapo, kidonge sahihi ni matibabu kamili.

Ua Jekundu

Mimi nimekuja na la mama. Ameanzishwa amlodipini miligramu 5 kwa ajili ya presha, leo ni siku ya tatu, tumepima bado iko juu. Yeye anasema dawa haimkubali, anataka ameze mbili. Na jana ameona miguu imeanza kuvimba kidogo. Nimwambieje?

Mfamasia_Zamu

Dada, pole na mwambie mama asiongeze.

Nilisema muda wa nusu wa amlodipini ni saa 30 hadi 50. Leo anameza kidonge, kesho kabla hajameza cha pili bado zaidi ya nusu ya kile cha jana inaweza kuwa ndani. Kinaongezeka juu yake, kesho kutwa tena. Kiwango kinapanda siku hadi siku mpaka kinachotoka kwa siku kikalingana na kinachoingia. Kwa dawa nyingi hali hiyo hufikiwa baada ya muda wa nusu mara 4 hadi 5, na kwa amlodipini hiyo ni kama wiki moja au zaidi kidogo. Siku ya tatu bado anapanda. Akimeza mbili leo na kesho, wiki ijayo atakuwa na kiwango ambacho hakuna daktari aliyempangia, na presha inaweza kushuka mno akaanguka.

Miguu: amlodipini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini hailegezi kwa kiasi hichohicho ile inayorudisha. Msukumo kwenye mishipa midogo sana unapanda na maji yanavuja kwenda kwenye nyama za kifundo cha mguu. Ni maudhi yanayojulikana sana. Lakini kuvimba kunaweza pia kutoka kwenye moyo au figo, kwa hiyo amwonyeshe daktari wake, na kama anahema kwa shida akilala asisubiri miadi. Na asiiache ghafla mwenyewe. Nalisema hili kwa mkazo zaidi kwa wale wanaotumia atenololi au propranololi, dawa zinazotuliza mapigo ya moyo: moyo ukishazoea kuzuiwa, vipokezi vyake vinaongezeka, ukiiacha ghafla unadunda kwa nguvu kuliko mwanzo, na wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo wanaweza kupata shambulio.

Ua Jekundu

Asante sana. Kwa hiyo akisahau siku moja?

Mfamasia_Zamu

Akikumbuka siku hiyohiyo ameze. Akikumbuka siku ya pili, aendelee na cha siku hiyo tu, asirundike. Kwa sababu inatoka polepole, siku moja haimwangushi.

Tai Mweupe

Kwangu mimi parasetamoli ndiyo dawa salama kuliko zote. Kichwa kikigoma nameza tatu kwa mpigo, na siku ya mafua naongeza na ile dawa ya mafua ya pakiti. Sijawahi kupata shida yoyote.

Mfamasia_Zamu

Mkuu Tai, naomba usome hili hadi mwisho, na kama kuna mtu nyumbani anayefanya hivyo msomee.

Tatu za miligramu 500 ni gramu 1.5. Mara nne kwa siku ni gramu 6. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, na dozi moja haizidi gramu 1. Dawa nyingi za mafua ndani yake mna parasetamoli, soma ubavuni mwa pakiti. Kwa hiyo siku ya mafua unaweza kuwa umevuka zaidi ya hapo bila kujua.

Hivi ndivyo ini linavyofanya. Sehemu kubwa ya parasetamoli linaibandika kemikali nyingine ili iyeyuke vizuri na itoke kwenye mkojo. Hiyo haina tatizo. Lakini sehemu ndogo inapita njia nyingine na kugeuka kuwa sumu, kitu kinachojishika kwenye protini za seli za ini na kuziua. Kila siku ini linaidaka sumu hiyo kwa akiba yake ya glutathioni, kemikali yake ya kuzimua sumu. Ukimeza kwa kiasi, akiba inatosha na inajazwa tena. Ukizidisha, njia ya kwanza inajaa, inayogeuka kuwa sumu inaongezeka, akiba inaisha, na kuanzia hapo seli za ini zinakufa. Anayekunywa pombe kupindukia na asiyekula vizuri akiba yake ni ndogo tangu mwanzo.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie chochote. Anadhani amepona. Ini linaanza kujitangaza siku ya pili na ya tatu, kwa maumivu ubavu wa kulia na macho kuwa ya njano. Ipo dawa ya kuokoa, asetilisisteini, inayolirudishia ini akiba yake, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Kwa hiyo aliyezidisha parasetamoli, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheka na kuzungumza.

Tai Mweupe

Nimekuelewa mkuu. Nimeangalia ile pakiti ya mafua sasa hivi, kweli imo miligramu 500 kwa kila kidonge. Naacha.

Baba Wawili

Shukrani mleta uzi. Upande wa malaria: mtoto alianza dawa mseto jana, leo homa hakuna kabisa, anacheza. Zimebaki dozi tatu. Mke wangu anasema tuzihifadhi kwa ajili ya siku nyingine kwa kuwa dawa ni kali kwa mtoto. Mimi nasita.

Mfamasia_Zamu

Baba, mpe zote, na umweleze shemeji yetu hivi.

Kwenye kidonge hicho kuna dawa mbili zinazofanya kazi tofauti. Artemetha, inayotokana na artemisinini aliyoigundua Tu Youyou wa China na wenzake miaka ya 1970 (Nobel mwaka 2015), inapoingia ndani ya kimelea hukutana na madini ya chuma yanayotoka kwenye damu anayoila, inavunjika na kumshambulia kutoka ndani. Inapunguza vimelea kwa kasi kubwa sana, ndiyo maana homa imekwisha. Lakini nayo inaondoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini ni ya taratibu, muda wake wa nusu ni siku kadhaa, na ndiyo inayowamaliza waliobaki. Kiwango chake kinajengwa na dozi zote sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ukiishia ya tatu, umewaacha vimelea wachache wakiwa hai na lumefantrini isiyotosha kuwaua. Baada ya wiki mbili tatu homa inarudi, na waliorudi ni wale waliostahimili.

Jambo jingine: lumefantrini haipendi maji, inapenda mafuta. Ikimezwa pamoja na chakula cha mafuta, inayofyonzwa inaweza kuwa mara 16 ya ile ya tumbo tupu. Mtoto mgonjwa hali vizuri, lakini hata maziwa yanasaidia. Akitapika ndani ya saa 1, dozi hiyo irudiwe, na uende ukachukue ya kujazia iliyotapikwa.

Mkufunzi

Nipo maabara, niruhusu nipingane nawe kidogo kuhusu "maliza dozi". Kwa malaria na kifua kikuu sina ubishi. Ila kwa bakteria wengi wa kawaida, hoja kwamba ukiacha mapema ndipo usugu unazaliwa imerahisishwa mno. Kadiri antibiotiki inavyokaa mwilini, ndivyo bakteria wengine wasio na hatia, wa utumboni na kwenye ngozi, wanavyochujwa na kubaki wale sugu. Tafiti nyingi za nimonia na maambukizi ya mkojo zimeonyesha siku chache zinatosha pale tulipokuwa tunatoa siku 10 au 14.

Mfamasia_Zamu

Mkufunzi, uko sahihi na nashukuru umelisema. Dawa haimchagui bakteria mbaya peke yake, ni lilelile la kutojua unaumwa wapi. Siku nyingi kupita kiasi zina gharama. Ninachopinga ni mgonjwa kuhesabu siku kwa kujisikia. Kujisikia nafuu ni homa kushuka. Hakukuonyeshi bakteria waliobaki ni wangapi. Siku zipangwe na aliyempima, ziwe 3, ziwe 5, kisha zitimizwe.

Kifua kikuu kinaonyesha kwa nini. Baadhi ya bakteria wa tumboni, wakiwa katika hali nzuri, wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20. Dawa nyingi zinamuua bakteria akiwa anajenga, na huyu hajengi haraka, wengine wamelala kabisa. Ndiyo sababu ni miezi 6, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili. Dawa ni kadhaa kwa pamoja kwa sababu bakteria aliyezaliwa sugu kwa moja atauawa na nyingine. Anayeacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimeisha, amewaacha waliolala waamke.

Mkufunzi

Tumeelewana. Na ongeza la virusi, maana huku maabara tunaona watu waliokwisha meza amoksilini kwa mafua.

Mfamasia_Zamu

Penisilini na ndugu zake wanazuia bakteria asishone ukuta wake. Bakteria anakua, ukuta una matobo, maji yanaingia, anapasuka. Seli ya binadamu haina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa inatupita bila kutugusa sana. Virusi navyo havina. Ukimeza amoksilini kwa mafua, hakuna cha kushika kwa adui, kuna cha kushika kwa bakteria wako wa utumboni tu.

Dawa ya virusi inabidi itafute kitu cha virusi vyenyewe. Ninayoipenda kuliko zote ni aciklovira ya malengelenge na mkanda wa jeshi. Inaingia kwenye seli zote, lakini inalala. Inaamshwa na kimeng'enya kinachotengenezwa na kirusi, kwa hiyo inakuwa kali ndani ya seli zilizoambukizwa, na zile nzima zinabaki salama. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ndiyo iliyoitoa, alipata Nobel mwaka 1988. Dawa haijui mahali, lakini huyu mama alipata namna ya kumfanya adui mwenyewe aionyeshe.

Kipanga

Hapo kwenye maziwa umesema yanasaidia. Sisi tumelelewa tukiambiwa dawa ikiwa kali kunywa na maziwa yaipunguze.

Mfamasia_Zamu

Inategemea dawa. Doksisaiklini na siprofloksasini zinashikwa na kalsiamu ya maziwa, na sehemu yake inaganda nayo na kupita utumboni bila kufyonzwa. Kweli "ukali" umepungua, kwa sababu umeitupa sehemu ya dawa. Tenganisha kwa saa 2 au zaidi, vivyo hivyo na vidonge vya madini ya chuma na dawa za kupunguza asidi.

Mingiliano mingine inatokea kwenye ini. Rifampisini ya kifua kikuu inaliamuru ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na vimeng'enya hivyo vinavunja hata dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Kina mama wamepata mimba kwa kutoambiwa. Balungi linafanya kinyume: linaharibu vimeng'enya kwenye ukuta wa utumbo, na baadhi ya dawa za presha na lehemu zinaingia nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Ukiandikiwa dawa, taja zote unazotumia, na za miti shamba pia. Hakuna atakayekufokea, na kama atakufokea, taja tu.

Baba Wawili

Na kwa nini dawa moja inamkubali huyu na kumkataa mwingine? Kodeini ilinituliza, mdogo wangu haimfanyii chochote.

Mfamasia_Zamu

Kodeini, ya maumivu na kikohozi, yenyewe ni dhaifu. Inafanya kazi ini likishaigeuza sehemu yake kuwa mofini, na kimeng'enya kinachofanya hivyo tunarithi kwa viwango tofauti. Huenda mdogo wako hanacho cha kutosha. Wapo ambao wanacho kwa wingi, na kwao dozi ya kawaida inakuwa mofini nyingi ghafla mpaka pumzi inapungua. Watoto walishafariki kwa hilo, na mwaka 2017 Marekani ilikataza kodeini kwa walio chini ya miaka 12. Usimpe mtoto dawa ya kikohozi ya mtu mzima kwa kumpunguzia tu kipimo.

Ua Jekundu

Swali la mwisho kwa leo. Shangazi anashindwa kumeza, tunamsagia vidonge vyote kwenye kijiko. Na babu, yeye anameza nifedipini ya muda mrefu, ameona kidonge kimetoka kizima kwenye choo kubwa. Ana wasiwasi hakijafanya kazi.

Mfamasia_Zamu

La babu kwanza, maana lina jibu la kumtuliza. Baadhi ya vidonge hivyo vina ganda lisiloyeyuka lenye kitundu kidogo. Maji yanaingia, yanaisukuma dawa itoke taratibu kwa saa 24, na ganda tupu linapita. Alichokiona huenda ni ganda tu. Presha yake ikiwa sawa, dawa imeingia.

La shangazi ni la hatari zaidi. Kidonge kama hicho cha babu ukikisaga, dawa ya saa 24 inaingia ndani ya muda mfupi, na presha inaweza kuporomoka mpaka damu isifike vizuri kwenye ubongo. Omeprazoli ina punje zilizovikwa ili asidi ya tumbo isiiharibu. Ukizisaga, asidi inaimaliza kabla haijafika utumboni. Angalia majina: ukiona herufi kama SR, XR au MR (inayotoka taratibu) au EC (iliyovikwa ganda la kuzuia asidi), au maneno "ya kumeza kizima", usisage. Parasetamoli ya kawaida au amlodipini ya kawaida unaweza. Niandikie hapa orodha ya dawa zake zote kama zilivyo kwenye pakiti, nitakwambia kipi kisagwe, kipi kina cha maji, na kipi umwombe daktari akibadilishe.